Duka la Mzee linafungwa. Ninunue santuri zote?

Ndugu washauri,

Mimi ni fundi bomba, nakaa Walukuba hapa Jinja. Mjini kuna duka la santuri ambalo nimeanza kuingia nikiwa bado na kaptula ya shule. Mwenyewe tunamwita Mzee tu. Ametutangazia wateja wake kwamba mwisho wa mwezi ujao anafunga: kodi ya chumba imepanda, macho yamechoka, na watoto wake hawataki hata kusikia habari za duka. Tangu siku hiyo nikienda kazini napita njia ya nyuma ili nisilione lile bango.

Ndani kuna sahani ndogo za wimbo mmoja kila upande kama 340, LP, zile kubwa za nyimbo nyingi, kama 90, na rundo la zile nzito za zamani ambazo sijazihesabu. Kaseti za kuuza ni kama 200. Chini ya kaunta kuna maboksi mawili yenye kaseti 70 anazoziita masta. Hizo ndizo alizokuwa akizitumia kuwarekodia watu nyimbo: unaleta karatasi yenye majina ya nyimbo, kesho unachukua kaseti yako. Ameniambia nikileta shilingi 1,800,000 nibebe vyote, hata rafu. Akiba yangu ni 1,100,000.

Mama Hadija hataki. Nyumba ni vyumba viwili, na anasema takataka za mtu mwingine hazihamii kwake. Kijana wetu naye anasema kila kitu kipo YouTube. Gramafoni ninayo, shemeji yangu aliinunua ikiwa imetumika huko Japani, naitumia kwa transfoma. Lakini kila wimbo unatoka kama mwimbaji ana usingizi, hata nikibadilisha sahani.

Naomba mnisaidie. Nikope nichukue vyote? Nitavitunzaje katika unyevu huu wa ziwa visioze? Na je, nikihamishia nyimbo kwenye flashi niuze nirudishe pesa yangu, kuna ubaya?

Baba Hadija, Walukuba

———

Baba Hadija, pole sana. Usikope. Chukua masta zote 70, daftari la Mzee kama analo, na santuri zisizozidi mia moja utakazozichagua moja moja. Kwa mzigo huo akiba yako inaweza kutosha, na Mama Hadija anaweza kukubali. Tutakueleza kwa nini tumeziweka kaseti mbele, maana tunajua moyo wako uko kwenye santuri.

Santuri ya plastiki iliyosimamishwa wima mahali pakavu na penye kivuli inaweza kukaa miaka 50 ikatoka vilevile. Kaseti haina subira hiyo. Sauti yake imeshikwa na poda ya sumaku iliyogandishwa kwa gundi juu ya utepe wenye upana wa milimita 3.81, na unyevu unaila ile gundi taratibu. Kakipande ka sponji kanakousukuma utepe kwenye hedi, kile kichuma cha mashine kinachosoma sauti, hubanduka, ukungu huota pembeni, na utepe uliokaa miaka bila kuzungushwa huanza kunatana. Halafu kuna suala la nakala. Sahani ya lebo, yaani kampuni ya santuri, kama Equator, iliyotengenezwa Nairobi wakati wanamuziki wetu wengi walikuwa wakienda kurekodi huko, ilitoka kwa mamia au maelfu. Ukiikosa Jinja huenda ikapatikana Mombasa, Mwanza au hata Ulaya. Kijana wako hajakosea sana: nyimbo kubwa za Nairobi na Kinshasa utazikuta YouTube, ingawa nyingi zimetolewa kwenye sahani zilizokwaruzika. Lakini masta za duka la aina hiyo kwa kawaida zimechanganya mengi: kwaya ya mtaa, ngoma za harusi, kipindi cha redio alichokinasa mtu usiku. Mambo kama hayo hayakuwahi kutolewa na lebo yoyote, na nakala iliyo chini ya kaunta huenda ndiyo pekee.

Kuna kitu kingine hakipo kwenye orodha yako nacho kinaondoka siku Mzee akifunga mlango: anayoyajua yeye. Kabla hujazungumza bei, mwombe vikao vitatu vya saa moja moja. Simu iwe imezimwa mtandao, ilale juu ya kitambaa kilichokunjwa, kiasi cha sentimita 30 kutoka kinywani kwake, feni ikiwa imezimwa. Usimuulize "unakumbuka nini?", atakwambia amesahau. Mpe sahani mkononi, soma namba yake kwa sauti ili irekodiwe, kisha uliza: hii iliingia lini, uliipata kwa nani, wateja wake walikuwa akina nani, watu walitaka upande upi? Kwa masta ni hivyohivyo: taja namba ya kaseti, mwache aseme nani aliimba na ilinaswa wapi. Zile karatasi za wateja zenye majina ya nyimbo, kama zingali zimechomekwa ndani ya makasha, zipige picha zilivyo kisha uzirudishe palepale. Usizitenganishe na kaseti zake.

Sasa kuchagua santuri. Nenda mchana na tochi moja yenye mwanga mkali. Shika sahani kwa ukingo, iinamishe chini ya mwanga. Mkwaruzo unaouona tu mara nyingi hausikiki. Pitisha ukucha polepole: ukikwama, utausikia "tak" kila mzunguko. Sahani yenye ukijivu usiong'aa, kama imepakwa majivu kwenye mitaro ya sauti inamopita sindano, iache hata kama haina mkwaruzo. Hiyo imesagwa na sindano nzito au butu, wala hakuna sabuni ya kuirudisha. Ilaze juu ya kioo cha kaunta uone kama imepinda. Mpindo mpana wa taratibu sindano inaufuata, ila kibonyeo kifupi cha ghafla huirusha. Tazama pia tundu la katikati: likiwa limelika likapanuka, sahani huyumba na sauti huyumba nayo. Ufa unaoanzia ukingoni usijadiliane nao.

Zile nzito za zamani ni santuri za mizunguko 78 kwa dakika, nyingi zina kipenyo cha inchi 10, na si plastiki. Zimetengenezwa kwa shelaki, aina ya utomvu unaotolewa na wadudu, uliochanganywa na unga wa mawe. Zikianguka zinavunjika kama sahani ya udongo. Na spiriti inaziyeyusha. Zinahitaji sindano yake pana, karibu mikroni 76 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati LP na sahani ndogo hutumia ya mikroni 18 hivi. Ukiipigia 78 sindano ya LP, itaburuzika chini kabisa ya mtaro na utasikia mchanga mtupu. Kama huna sindano hiyo, chukua tano au sita zilizo nzima zenye lugha za kwetu, uziweke. Zitakuja kupata mashine yake.

Tuseme umefika sahani ndogo 80 na LP 20. Usizibebe kwa boda juani, wala usiziache ndani ya taksi iliyoegeshwa saa sita mchana: plastiki ya santuri hulegea joto likikaribia nyuzi 60, na gari lililofungwa madirisha linafika huko bila shida. Ziwe wima ndani ya boksi, zimebanana vya kutosha zisilale lakini uweze kuchomoa moja kwa vidole viwili.

Kabla ya kuziingiza nyumbani zisafishe, hasa zenye ukungu. Ukungu ufagilie nje ya nyumba kwa brashi laini ya rangi, ikiwa kavu, upepo ukiwa mgongoni mwako na barakoa usoni. Zile bahasha za karatasi zilizoota madoa zitupe. Ukirudisha sahani safi ndani yake umepanda upya. Kisha changanya hivi, kwa santuri za plastiki tu:

Maji yaliyotoneshwa, mililita 900.
Isopropili, aina ya spiriti safi, ya asilimia 90 au zaidi, mililita 100.
Sabuni ya vyombo isiyo na rangi wala manukato, matone mawili. Si kijiko, matone.

Maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa, ila soma chupa vizuri. Kwenye rafu hiyohiyo, pengine kwa chupa ileile, hukaa asidi ya betri, na muuzaji akiwa na haraka anakupa yoyote. Ukienda famasi, usikubali spiriti ya kidonda. Mara nyingi imetiwa mafuta na vitu vingine vinavyobaki ndani ya mtaro baada ya kukauka. Kwa shelaki ondoa isopropili kabisa, tumia maji na sabuni pekee, na haraka.

Funika lebo, ile karatasi ya katikati ya santuri, kwa kifuniko cha plastiki cha sentimita 10, ndicho kipimo cha lebo ya LP. Lowesha, sugua kwa kitambaa cha maikrofaiba ukifuata mzunguko wa mitaro, kamwe usiikate mitaro kwa kusugua kutoka katikati kwenda nje. Mizunguko mitatu kulia, mitatu kushoto. Suuza kwa maji matupu yaliyotoneshwa, kwani sabuni isiyosuuzwa ndiyo inayogeuka utando mweupe kwenye ncha ya sindano. Simamisha kwenye kichanja cha vyombo kivulini mpaka ikauke kabisa, nusu saa au zaidi. Kila baada ya sahani kumi mwaga maji, weka mengine.

Bahasha mpya si lazima uagize ng'ambo. Chukua sahani moja ya mfano uende Nasser Road, Kampala, uwaambie wachapaji wakukatie karatasi nyeupe ya gramu 80 isiyo na wino: sentimita 18 na nusu kwa sahani ndogo, 31 kwa LP, gundi iwe upande wa nje wa mkunjo. Usitumie mifuko ile laini ya plastiki yenye harufu kali. Ikikaa na santuri kwenye joto huiachia utando wa mafuta usiotoka.

Tuje kwenye gramafoni yako yenye usingizi. Weka kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani ya mashine, washa kwenye 33, yaani mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, kasi ya LP (45 ni ya sahani ndogo), shika saa ya simu uhesabu mizunguko 100. Sahihi ni sekunde 180 kamili, yaani dakika tatu. Ukipata karibu sekunde 216, umeshaujua ugonjwa. Japani ina umeme wa aina mbili: mashariki hezi 50, yaani mawimbi 50 ya umeme kwa sekunde, magharibi hezi 60. Mashine yako ilitengenezewa hezi 60, na mota za zamani za umeme wa ukutani huhesabu hezi, hazijali volti. Transfoma yako imeshusha 240 hadi 100, hezi zimebaki 50 za Uganda. Kwa hiyo inazunguka kwa tano ya sita ya kasi yake: 33 inakuwa karibu 28, na 45 inakuwa 37 na nusu. Transfoma kubwa zaidi haitasaidia kitu, usiongeze pesa huko.

Dawa ni kapi dogo la shaba lililo kwenye ncha ya mota, lile linalovishwa mkanda. Lipime kipenyo kwa kalipa, umpelekee fundi wa kerezo akuchongee jingine lenye ngazi zote mbili, ya 33 na ya 45, kila moja imeongezwa mara 1.2. Kama la zamani ni milimita 10, la kwanza litakuwa 12. Mkanda nao una unene wake, kwa hiyo aanze na 12.1, mfunge, mhesabu tena mizunguko 100, apunguze kidogokidogo. Kupunguza shaba ni rahisi, kurudisha hakuna. Angalia kwanza chini ya sahani ya mashine, kwani mashine nyingine huja na kapi mbili, au ngazi mbili zilizoandikwa 50 na 60, na kazi yote inaisha kwa kuhamisha mkanda.

Ikiwa hesabu haikutoa 216 bali inabadilikabadilika, mara 185 mara 192, basi ni mkanda umelegea au mafuta ya ekseli yameganda. Mkanda mpya upimiwe kwa uzi unaopita njia yote ya mkanda wa zamani. Ekseli ifutwe, iwekwe tone moja la mafuta ya cherehani. Na kuna njia ya mkato: kurekodi pole hivyohivyo kisha kuongeza kasi kwa asilimia 20 kwenye kompyuta. Hatuipendi. Besi na treble za santuri hurekebishwa na amplifaya papo hapo sindano inapopita, na ikipita pole, marekebisho yanaangukia mahali pasipo pake.

Sindano usiirithi. Ya almasi hufanya kazi saa 300 hadi 500 hivi, na hujui shemeji aliinunua ikiwa na ngapi. Ukikosa Kampala, mwombe dereva au ndugu anayekwenda Nairobi aulize kwa wauza santuri wa Soko la Kenyatta, akiwa na picha ya kichwa cha sindano na namba iliyoandikwa ubavuni. Ukishafunga mpya, sawazisha mkono wa gramafoni unaobeba sindano uelee bila kupanda wala kushuka, kisha zungusha uzito wa nyuma hadi kipimo cha mtengenezaji, mara nyingi kati ya gramu 1.5 na 3. Mizani ndogo ya sonara inakuthibitishia. Watu hupunguza uzito wakidhani wanaihurumia sahani. Sindano nyepesi kupita kiasi hurukaruka ndani ya mtaro na kuugonga kuta, inaharibu kuliko iliyozidi robo gramu.

Na mwombe Mzee amplifaya yake. Hilo ni muhimu kuliko LP kumi. Amplifaya ya duka la santuri karibu kila mara ina tundu la fono, yaani la kuchomeka gramafoni, na sindano ya sumaku hutoa milivolti tatu hadi tano tu, tena zikiwa zimepunguzwa besi makusudi. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta utasikia mbu. Waya mwembamba wa tatu unaotoka kwenye gramafoni ufunge kwenye skrubu ya ardhi ya amplifaya, la sivyo mvumo wa umeme utakufuata kila wimbo.

Kaseti zina adabu yake. Vunja vile vijino viwili vya mgongoni kwanza, ili hata ukikosea kitufe isifute. Kama utepe haujazungushwa kwa miaka, zungusha kwa kalamu mizunguko michache uone kama uko huru, kisha upeleke mbele hadi mwisho na urudishe mwanzo ndipo uucheze. Sponji ikidondoka, hamisha utepe kwenye kasha la kaseti mbovu lenye skrubu tano. Yale yaliyogandishwa bila skrubu hupasuliwa kwa kisu kwenye mshono. Utepe ukikatika, unga kwa gundi-tepu maalumu ya utepe wa sauti, upande wa nyuma. Selotepu ya kawaida hutoa gundi joto likipanda, ikanata raundi tatu za utepe. Safisha hedi kwa isopropili na pamba kila baada ya kaseti nne au tano, na kama kaseti ilikuwa na ukungu, mara tu inapotoka.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakifanyi: kando ya hedi kuna skrubu ndogo inayoiinamisha kidogo. Kila deki, yaani mashine ya kaseti, ilirekodi kwa mwinamo wake. Weka masta, sikiliza sauti za juu kama kayamba au herufi "s" za mwimbaji, geuza skrubu robo ya robo mpaka zing'ae kuliko zote. Masta zote za Mzee zikiwa zimetoka kwenye deki moja, utaiweka mara moja. Bora zaidi akuuzie deki yenyewe.

Kurekodi: Audacity, programu ya kurekodi sauti kwenye kompyuta, ni ya bure. Santuri weka biti 24 na kilohezi 96, kaseti biti 24 na kilohezi 48 zinatosha. Kilele cha sauti kisipite desibeli 6 chini ya sifuri. Kompyuta itumie betri yake wakati wa kurekodi, chaja nyingi huleta mvumo. Umeme ukikatika katikati, inua sindano, upande huo anza upya wote, usiunge. Faili la kwanza liache na mikwaruzo yake. Ukitaka kusafisha sauti, safisha nakala.

Hesabu yako iko hivi. Sahani 80 zenye dakika nne kila upande ni dakika 640. LP 20 za dakika 40 ni 800. Masta 70, kama ni za dakika 90, ni 6,300. Jumla saa 129 za kusikiliza tu, bila kuhesabu kusafisha na kugeuza. Ukitoa saa sita kwa wiki ni karibu miezi mitano. Diski itajaa kama gigabaiti 160, kwa hiyo diski mbili za 500 zinatosha, moja ikae kwa ndugu wa mtaa mwingine. Ungechukua vyote, saa zingezidi mia tatu na bado ungekuwa na deni.

Jina la faili liwe lebo, namba, upande. Piga picha lebo zote mbili, na uandike pia herufi zilizochorwa kwenye eneo tupu karibu na lebo. Jina dogo ndani ya mabano chini ya jina la wimbo mara nyingi ndilo la mtunzi, na linaingia kwenye swali lako la tatu.

Flashi za kuuza, hapana. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya 2006 inampa mtunzi haki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Sahani ya mwaka 1968 ambayo mtunzi wake alifariki mwaka 2000 bado ina mwenyewe, na wajukuu wake huenda wako Iganga wanahitaji ada ya shule. Pesa yako itarudi kwa njia nyingine: sahani ndogo zilizobaki waachie wateja wa Mzee wanunue moja moja siku za mwisho, hata kwa bei ya soda mbili. Wewe kaa pale na daftari, andika nani amechukua ipi pamoja na namba yake ya simu. Santuri zitakuwa nyumba 40 badala ya moja, na utajua pa kubisha ukihitaji kusikia. Kwa masta zenye ngoma na kwaya, tengeneza orodha kisha uipigie idara ya muziki ya Makerere kabla ya kwenda. Wana hifadhi yenye jina la Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda na kurekodi muziki wa nchi hii kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Wape nakala ya faili, kaseti zibaki kwako.

Kwa Mama Hadija usiende na maneno, nenda na futi. Sanduku la bati kama la wanafunzi wa bweni, urefu sentimita 75, upana 45, kina kisichopungua 33 kwa ndani, linaingiza vyote: LP wima upande mmoja, sahani ndogo ndani ya boksi la viatu, kaseti kwa safu tatu. Liwe juu ya matofali, mbali na ukuta unaopigwa na mvua na mbali na dirisha la jua. Miguu ya matofali ipakwe oili chafu kwa ajili ya mchwa, maana mchwa wa Walukuba hawachagui kati ya jalada la LP na daftari la shule. Vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya vikusanye uvitupie ndani, na mara moja kwa mwezi siku kavu lifungue asubuhi nzima.

Anza Jumamosi hii, na yale maboksi mawili ya chini ya kaunta.